Kolchikamu kutoa maua bila majani
Mkuu wala usiing'oe, haijafa. Kuhusu kolchikamu yako, hilo ua la kitunguu linalofanana na zafarani, kuchanua vuli bila hata jani moja, ndo zake hizo, majani yatakuja majira ya kuchipua, mapana kweli, na hata yakianza kuchakaa usiyakate, acha yawe njano yenyewe maana ndo yanalisha kitunguu cha chini kwa ajili ya maua ya mwaka unaofuata. Kuhamisha ni kiangazi, fukia kama sm 10.

Ila usije ukaichanganya na zafarani aisee, hesabu stameni (vile vijiti vya chavua katikati ya ua), zafarani ina 3 kolchikamu 6, na hii ya 6 ni sumu yote, majani mpaka kitunguu, porini watu huchuma majani yake wakidhani kitunguu saumu pori. Mi naipenda zaidi katikati ya nyasi, kwenye udongo mtupu mvua inayalaza maua.