Barua kwa Mwanangu Kuhusu Vifurushi vya Michezo ya Kompyuta

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sisi sote hatujambo. Umeniuliza kama kifurushi cha michezo minane ulichokiona katika duka la mtandaoni la Humble Bundle kwa bei ya ofa kinafaa kununuliwa, au ni afadhali ujiunge na Xbox Game Pass, usajili wa kucheza michezo mingi kwa malipo ya kila mwezi, kama walivyofanya wenzako huko Minneapolis. Nimeyasoma masharti ya huduma zote mbili kabla ya kukujibu, na rai yangu ni kwamba kifurushi ukinunue kwa sharti moja, na usajili uuchukue kwa mwezi mmoja tu, utakapokuwa na likizo.

Humble Bundle, iliyoanza mwaka 2010, hukuuzia misimbo ya herufi na tarakimu, na kila msimbo ukishauingiza katika akaunti yako ya Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, mchezo wake unabaki humo hata usipolipa tena senti moja. Sehemu ya fedha huenda kwa mashirika ya hisani, jambo linalonipendeza sana. Sharti langu ni hili: chagua katika orodha ile michezo ambayo ungeinunua hata bila ofa, kisha utazame bei yake Steam kwenyewe, ambako punguzo hutolewa mara kwa mara. Ikiwa jumla ya bei hizo inafikia bei ya kifurushi, nunua. Isipofika, achana nacho, kwa sababu iliyobaki hutaicheza. Kazi yako ni ya zamu, na mchezo mmoja mrefu hukuchukua miezi kuumaliza. Ukinunua, ingiza misimbo siku hiyohiyo, kwani baadhi yake huwa na tarehe ya mwisho. Ujue pia kwamba Steam hurudisha fedha za mchezo ulionunuliwa kwao ukiomba ndani ya siku 14 nawe umeucheza chini ya saa 2, lakini msimbo ulionunuliwa kwingine hauna haki hiyo.

Game Pass ilipoanza mwaka 2017 ilitozwa dola 9.99 kwa mwezi. Oktoba 2025, daraja lake la juu, Ultimate, lilipandishwa bei kutoka dola 19.99 hadi 29.99 huko Marekani, yaani kwa bei hiyo karibu dola 360 kwa mwaka, na mwaka ukiisha huna mchezo hata mmoja wa kubaki nao. Wewe ni mpangaji: kodi ikikatika, mlango unafungwa. Tena hata unapolipa bila kukosa, michezo huondolewa. Grand Theft Auto V imeingia na kutoka humo zaidi ya mara moja. Hata hivyo, mwenye wiki kadhaa za mapumziko anaweza kujaribu michezo mingi mipya kwa bei ambayo isingemtosha kununua hata mmoja, na hapo usajili una faida ya kweli.

Kununua nako kuna mipaka yake. The Crew, mchezo wa magari wa mwaka 2014, ulizimwa na Ubisoft tarehe 31 Machi 2024, na waliokuwa wameulipia hawakuweza kuucheza tena. Kwa hiyo katika kifurushi, ipe uzito zaidi michezo inayochezeka bila kutegemea seva za kampuni.

Ukijiunga na Game Pass, zima malipo ya kujirudia siku ileile. Utaendelea kucheza mpaka mwezi uishe. Niandikie majina ya michezo hiyo minane kabla ofa haijafungwa, tulinganishe bei pamoja.

Akupendaye,
Baba yako