Maswali na Majibu: Lugha Rasmi, Lugha za Kazi na Vibanda vya Wakalimani

Ni kweli Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa?

Si kweli. Lugha rasmi ni sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Swali hili hurudi kila ikikaribia tarehe 7 Julai. Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, haikugusa kanuni hata moja ya Baraza Kuu. Acheni kusambaza uvumi huu. Hakuna anayedai kitu anachoamini ameshapewa.

Lugha rasmi na lugha ya kazi zinatofautianaje?

Kwa kawaida lugha rasmi ni ya maazimio na nyaraka kuu, na lugha ya kazi ni ile ambayo maofisa huandikiana na kuandaa rasimu. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hufanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Lakini soma kanuni za chombo chenyewe: Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa kifungu cha 39 cha sheria yake, ina Kifaransa na Kiingereza basi.

Kiongozi anaweza kuhutubia Baraza Kuu kwa lugha yake?

Anaweza, kwa kanuni ya 53, ila ujumbe wake ndio unaogharimia ukalimani kwenda katika mojawapo ya zile sita. Vibanda vingine, yaani vyumba vidogo vya wakalimani, kimoja kwa kila lugha, huchukua kutoka hapo, kwa hiyo kosa la mkalimani wa kwanza husambaa kote. Peleka hotuba na tafsiri yake mapema. Mzungumzaji akiruka aya bila taarifa, mkalimani anapotea, na ukumbi mzima unapotea naye.

Kibandani hukaa wangapi?

Wawili, wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi. Kiarabu na Kichina ni watatu, kwa kuwa hukalimani kuingia katika lugha yao na kutoka humo.

Nakala za mkataba zikipingana, si ya Kiingereza ndiyo hushinda?

Hapana! Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Vienna wa 1969, unaohusu sheria ya mikataba, huzipa nakala zote halali nguvu sawa, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine au wahusika wakubaliane vingine. Tofauti ikigoma, huchukuliwa maana inayozipatanisha vizuri zaidi kulingana na lengo la mkataba.

Umoja wa Afrika umekikubali Kiswahili. Mbona nyaraka sizioni?

Kwa sababu azimio halitafsiri hata ukurasa mmoja. Kiswahili kilitajwa katika itifaki ya marekebisho ya 2003, kikapitishwa kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Kinachofuata ni fedha na watu: wafasiri, wahariri, wakalimani, hazina ya istilahi za sheria na fedha. Tazama Umoja wa Ulaya: lugha 24 huzaa michepuo 552 ya tafsiri, kutoka kila lugha kwenda kila nyingine, na Kiayalandi, kilichopewa hadhi mwaka 2007, hakikutafsiriwa kikamilifu hadi Januari 2022 kwa uhaba wa wafasiri. Hiyo ni miaka 15, tena kwa taasisi yenye fedha. Serikali zinazoshangilia azimio ziulizwe: fungu la bajeti liko wapi, na vyuo vinafundisha wakalimani wangapi?

Najua Kiswahili na Kiingereza. Nitapata kazi ya ukalimani Umoja wa Mataifa?

Kwa hizo mbili tu, hapana. Kibanda cha Kiingereza hutaka Kiingereza cha kiwango cha juu kabisa pamoja na lugha nyingine mbili rasmi unazozielewa barabara. Anza na Kifaransa leo, kisha ongeza Kihispania au Kirusi.