Barua ya mwalimu mkuu si kibali cha maadili

SWALI: Daktari, habari za kazi? Nasomea uzamili wa elimu hapa Kenya, na utafiti wangu unahusu viboko katika sekondari za bweni. Mwalimu mkuu alinipa barua, nikagawa hojaji 38 kwa wanafunzi wa kidato cha tatu. Sasa msimamizi wangu anadai cheti cha kamati ya maadili. Sikumdunga mtu sindano! Je, naweza kuomba cheti sasa na kuitumia data niliyo nayo?

JIBU: Pole, lakini hapana. Kamati ya maadili, ile inayohakikisha utafiti haumdhuru anayeshiriki, hupitisha kazi itakayofanywa, haibariki iliyokwisha kufanywa.

Tuanze na hiyo sindano: madhara si ya mwili tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga viboko marufuku. Maana yake, unamwuliza mtoto kama mwalimu wake anavunja sheria, tena unamwulizia shuleni kwa mwalimu huyo huyo. Hukuandika majina, sawa, lakini mwandiko unajulikana, na darasa likiwa na msichana mmoja tu anayetoka kaunti fulani, kuandika jinsia na kaunti ni sawa na kumtaja. Na karatasi zilikusanywa na nani? Kama ni mwalimu wa zamu, mimi ningesimama hapo hapo bila kuendelea kusoma ombi lako.

Barua ya mwalimu mkuu inakufungulia geti, basi. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, kisha naye mwenyewe akubali, akijua kwamba akikataa hakuna atakayemfuata. Kwa shule za bweni, wazazi utawapata siku ya kutembelea wanafunzi. Usimwombe mwalimu mkuu aridhie kwa niaba yao. Katika mada hii ana lake la kulinda.

Kuna jambo ambalo waombaji wengi hulisahau. Mtoto akikwambia ameumizwa vibaya, utafanyaje? Usimwahidi siri isiyo na mpaka. Mweleze kabla hajajibu kwamba penye hatari utamwarifu afisa wa watoto, na umwachie nambari 116, ile ya bure ya kuwasaidia watoto.

Utaratibu wenyewe si mgumu: unaanza na kamati ya maadili inayotambuliwa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), unachukua leseni ya NACOSTI yenyewe, ndipo unakwenda ofisi za kaunti na shuleni. Wewe ulianzia mkiani. Jipe muda, kwani ombi kurudishwa likarekebishwe ni kawaida.

Na zile karatasi 38, usizichome kwa hofu wala usizichambue. Zifungie kabatini, mweleze msimamizi, kisha uandikie kamati ulivyozipata, na tarehe zake halisi. Iamue yenyewe zifanyiwe nini.