Kauvimbe kwenye mshono kanauma kila nikikaribia siku zangu

SWALI: Dokta habari za kazi, mimi nina watoto wawili wote nimejifungua kwa oparesheni, wa mwisho ana miaka 3 sasa. Tangu mwaka jana nina kauvimbe pembeni ya mshono, kama gololi hivi, siku zangu zikikaribia kanavimba kanauma hadi nguo ikigusa naruka, nikimaliza hedhi kanatulia. Nilienda hospitali wakasema jipu, nikapewa antibayotiki mara mbili hola, mwingine akasema ni uzi ulibaki, mama mkwe anasema nilibeba ndoo mshono haujakauka. Naogopa isije ikawa kansa.
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Pole sana mama. Hilo la ndoo litoe kichwani kabisa, hukujiletea wewe hili.

Hapo uliposema kanavimba siku zikikaribia na kanatulia ukimaliza, hapo ndo pa kushika, maana jipu halisubiri hedhi. Maelezo yako yanafanana sana na endometriosisi ya kwenye kovu. Iko hivi, mfuko wa uzazi una utando wa ndani, ule unaobomoka na kutoka na damu kila mwezi, sasa wakati wa oparesheni mfuko unapasuliwa na chembe chache za ule utando zinaweza kunasa kwenye nyama za tumbo pale wanaposhona, zikaota hapohapo, na kwa vile zinasikiliza homoni zilezile basi kila mwezi nazo zinavimba na kuvuja damu, ila damu haina pa kutokea, ndo maumivu hayo. Inaweza kuanza miezi michache baada ya kujifungua au hata miaka kadhaa, na haimaanishi una endometriosisi ndani kabisa ya tumbo, wengi hawana.

Si tatizo la kila siku, makadirio mengi ni chini ya wanawake 2 kwa kila 100 waliojifungua kwa oparesheni, ndo maana wahudumu wengi hawaliwazii na mama anazungushwa na madawa. Wapo pia ambao wao maumivu hayafuati hedhi kabisa, hao ndo wanateseka zaidi kujulikana.

Sasa naomba sana, asikupasue mtu hapo kwa kudhani ni jipu, wala usikakande na maji moto ukitegemea katapasuka. Andika tarehe za hedhi na siku zinazouma, nenda nazo kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, mwambie wazi kwamba inafuata mzunguko. Atakupima ultrasaundi, kuhakikisha pia si ngiri ya kwenye mshono, pengine MRI, kile kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili, kama uvimbe umeingia ndani. Vidonge vya majira au sindano ya uzazi wa mpango vinaweza kupunguza maumivu ila ukiacha mara nyingi yanarudi, tiba yenyewe ni kuukata wote pamoja na nyama isiyo na ugonjwa kama sentimita 1 kuuzunguka, ukikatwa hivyo kwa wengi haurudi. Ukiwa mkubwa umekula ukuta wa tumbo, daktari anaweza kuweka wavu wa kuziba hapo.

Kansa kutokea kwenye uvimbe kama huu ni nadra mno, ila nyama ikitolewa lazima iende maabara, usikubali itupwe. Na kama unapanga mtoto wa tatu mwambie daktari mapema, kabla hajakuandikia dawa yoyote ya homoni.