Devi (makadirio ya bei) ya klimatizeri, yaani kiyoyozi: mwulize fundi kuhusu gesi

Dada, nimekuelewa: fundi wa hapa Lubumbashi amekuandikia "kusafisha klimatizeri mbili na kuongeza gesi", bei moja ya jumla, na hujui unalipia nini.

Mwambie atenganishe kazi ya mikono, dawa ya kusafishia, gesi na usafiri. Gesi ndiyo ningeikazia. Haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kutupa dola. Apime gesi mbele yako, klimatizeri ikiwaka.

Vichujio osha mwenyewe kwa maji, vikauke kivulini. Kiangazi chetu na vumbi lake, usingoje fundi. Avansi (malipo ya awali) toa kidogo tu. Ukisikia harufu ya waya kuungua, zima umeme, ita fundi umeme kwanza.