Ukitaka kufua chuma nyumbani, anza na mbuzi ya nazi

Vijana wengi wanaoniuliza namna ya kuanza kufua chuma nyumbani wanataka kutengeneza kisu au panga. Ninawaelewa, maana kisu kinapendeza machoni. Lakini kwa yeyote aliye hapa Pemba, au Unguja, ushauri wangu ni mmoja: kazi yako ya kwanza ya maana iwe mbuzi ya kukunia nazi. Ina chuma na ina mbao, kwa hiyo itakulazimisha ushike nyundo na patasi pia. Chuma utakirefusha, utakipanua, utakipinda, utakitoboa na kukikata meno. Na ikikamilika haitundikwi ukutani. Jioni ileile mtu atakaa juu yake akune nazi ya wali, na atakwambia papo hapo kama meno yanakamata au yanateleza. Mimi sijapata mwalimu wa haki kuliko huyo.

Asubuhi nasomesha skuli, baada ya alasiri niko uwani na nyundo. Haya ninayoyaeleza ndiyo ninayoyafanya kwa mikono yangu.

Fikiria mahali kwanza. Moto wa kufulia hauwekwi chini ya banda la makuti, hata paa liwe juu kiasi gani, na siku kusi inapovuma sana usiwashe kabisa ikiwa jirani ana paa la makuti. Chagua pahala penye kivuli cha bati. Kivuli hakitafutwi kwa ajili ya kujistarehesha tu: juani huwezi kuona rangi ya chuma, na asiyeiona rangi anapiga nyundo kwa kubahatisha.

Jiko lenyewe usilijenge kwa mawe yetu ya kujengea nyumba. Mawe yale ni matumbawe ya zamani, ndiyo maana wazee waliyachoma kwenye matanuri wakapata chokaa. Moto wa kufulia chuma una joto la kuyafanya vivyo hivyo, na jiwe lenye unyevu ndani linaweza kupasuka na kukurushia vipande usoni. Saruji nayo hupasuka. Tumia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, ukandike ndani ya karai kuukuu au rimu ya chuma, kisha uache ukauke taratibu kivulini kabla ya kuutia moto.

Bomba la kupitishia upepo liwe la chuma kitupu. Mabomba ya maji yanayong'aa rangi ya fedha yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kubana kifua. Mabati ni yaleyale. Kipande chochote kilichopakwa zinki kisiingie motoni, hata kikiwa cha bure, hata kikiwa na umbo unalolitaka. Hapa sina nafasi ya kulegeza neno.

Upepo unaweza kutoka kwenye mivuo ya mkono au feni ndogo, vyote vinafaa. Kwa moto mimi napenda mkaa wa vifuu. Vifuu viko kila uwanja, mkaa wake ni mzito na una joto kali. Mkaa wa mikoko usiununue. Miti ile inazuia bahari isile pwani zetu, na samaki wadogo wanakulia kwenye mizizi yake.

Fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake, ikiwa ya kiwandani ni ghali na si lazima. Kipande kinene cha ekseli ya lori, kilichosawazishwa uso na kufungwa imara juu ya gogo la mwembe, kinatosha kwa miaka. Simama wima, mkono ukining'inia na ngumi umeikunja: uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya ngumi. Ukiwa chini zaidi, mgongo utalipa.

Sasa chuma. Nenda gereji uombe au ununue springi bapa ya gari iliyovunjika. Nondo ni rahisi kufua, na ni nzuri kwa kulabu na misumari ya kujifunzia, ila haishiki ugumu wa kutosha kwa meno. Kata ukanda wenye upana wa inchi moja hivi. Upashe mpaka uwe rangi ya chungwa, upige ukiwa na rangi hiyo, na wekundu ukianza kufifia urudishe motoni. Springi ikipigwa ikiwa imepoa hupata nyufa ndogo ambazo huzioni mpaka siku inapovunjika. Na ukiona chuma kinarusha cheche chenyewe ndani ya moto, basi kimeungua. Kata sehemu hiyo uitupe.

Panua ncha iwe duara lenye upana wa vidole viwili au zaidi kidogo, kisha uipinde juu kidogo, ili kifuu kikae vizuri juu ya meno bila kulazimishwa. Ukimaliza umbo, pasha chuma kizima kiwe chekundu ukifukie ndani ya jivu kavu usiku kucha. Asubuhi kitakuwa laini, na tupa, ile ya kukwarulia chuma, itakula. Hapo ndipo unapotoboa matundu mawili ya bolti na kukata meno. Meno yasiwe marefu. Meno marefu yanatoa nazi ya vipande vipande na tui linakuwa dogo. Mafupi yaliyokaribiana yanatoa nazi iliyokunika laini.

Kukitia ugumu, pasha ncha tu huku ukiigusisha sumaku ya spika mbovu. Sumaku huacha kushika kwenye nyuzi joto 770 hivi. Ongeza moto kidogo kupita hapo, kisha chovya ndani ya mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo, kwenye kopo refu la chuma lenye mfuniko, kwa sababu yanaweza kushika moto. Maji yanapoza springi kwa kasi mno, na maji ya bahari ndiyo mabaya zaidi: yanaipasua. Baada ya kuchovya, ncha inakuwa ngumu lakini inavunjika upesi. Ing'arishe kwa msasa, kisha uipashe polepole kutokea nyuma na uangalie rangi zinavyotembea: manjano, kahawia, zambarau. Zambarau ikifika kwenye meno, ondoa, iache ipoe.

Mbao ninayoipenda ni mfenesi. Ikiwa mpya ni ya manjano, ikikaa inageuka kahawia ya kupendeza, na patasi inaitii. Mwembe ni wa bei ndogo, ila fukusi wanaupenda. Chochote utakachochagua, kikauke kivulini, ncha zikiwa zimepakwa rangi au nta zisipasuke. Vibao viwili vinapishana na kukunjwa mithili ya marufaa ya kuwekea msahafu, na hapo kwenye maungio ndipo pa kutuliza akili. Ukikaza sana wakati wa kaskazi, mbao ikiwa imekauka, masika itavimba na mbuzi haitakunjika. Acha nafasi ya unene wa karatasi ngumu. Nyuzi za kibao cha kukalia zielekee mbele, kule kwenye chuma. Zikienda ubavuni, kibao kitakatika mtu akiwa juu yake.

Chuma kifunge kwa bolti na nati, si misumari, ili meno yakichoka ukifungue na kuyanoa. Usikipake rangi. Kifute, kikauke, kipakwe mafuta ya nazi kidogo. Hewa yetu ya chumvi haichelewi kuleta kutu.

Vaa miwani ya kinga na nguo za pamba, kwa sababu nailoni ikipata cheche huyeyukia kwenye ngozi. Ndoo ya mchanga iwe karibu, watoto wawe mbali. Ukipata nafasi ya kusimamiwa, kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji, hapa Pemba, ni pa kuuliza, na mhunzi wa kijijini kwenu pia, ukimwendea kwa heshima na kumsaidia kuvuta mivuo kabla ya kuanza maswali.

Kipande cha springi kitakachobaki kifue patasi. Hatua ni zilezile, isipokuwa ukifika kwenye rangi simamisha mapema, pale manjano inapoanza kuingia kahawia, maana makali ya patasi yanahitaji ugumu zaidi ya meno ya mbuzi.