Gari la Mtoto wa Kiti Mwendo: Tuanze na Kipimo Chake

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kimara. Wa pili ana miaka 11, ana mtindio wa ubongo na anatumia kiti mwendo. Kukaa bila kuegemea hawezi. Siku za shule namnyanyua kutoka kwenye kiti, nampakata ndani ya bajaji, kiti kinafungwa nyuma kwa kamba. Sasa amefika kilo 31 na mgongo wangu umeanza kuuma hata usiku. Baba yao amepata mkopo wa SACCOS kazini, tunataka gari ambalo mtoto ataingia akiwa kwenye kiti chake. Yadi moja imetuonesha kigari cha mizigo, wanasema fundi atang'oa siti za nyuma na kuchomelea bati la kupandishia. Tuchukue? Na ni kweli kuna msamaha wa kodi? Shemeji yangu anasema hiyo ni anasa, pesa hiyo ingesomesha wenzake.
*Mama wa Watatu, Kimara, Dar es Salaam*

JIBU: Mama wa Watatu, pole sana kwa mgongo, na hongera kwa kumpeleka mtoto shule kwa hali hiyo. Binti yangu naye ana mtindio wa ubongo, amekua nikimwendesha akiwa kwenye kiti chake, kwa hiyo nakujibu kama mzazi mwenzio. Kigari hicho msikichukue.

Bati la kupandishia si tatizo, fundi yeyote mzuri wa kuchomelea atalitengeneza. Shida iko sakafuni. Mtoto wa kilo 31 juu ya kiti cha kilo 20 ni zaidi ya kilo 50, na dereva akikanyaga breki ghafla uzito wote huo unataka kuendelea mbele. Ndiyo maana kiti kinafungwa kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, iliyoshikizwa kwenye sehemu ngumu za gari. Mtoto naye anafungwa mkanda wake, unaopita begani na nyongani, ulioshikizwa kwenye gari, siyo kwenye kiti. Ule mkanda mdogo uliokuja na kiti mwendo ni wa kumsaidia kukaa vizuri, ajali hauiwezi. Na atazame mbele kama abiria wengine, kamwe asikae ubavu. Fundi akitoboa bati jembamba la sakafu na kupitisha bolti, siku ya ajali bolti itatoka na bati lake. Sitaki mwanao awe ndani siku hiyo.

Gari mnaloweza kulipata bila kubuni chochote linatoka Japani likiwa limeshatengenezwa kiwandani. Toyota wana magari wanayoyaita Welcab, na humo mtakuta Noah, Voxy na Sienta zenye mteremko, yaani bati la kupandishia, unaokunjuliwa kwenye mlango wa nyuma. Suzuki Every na Daihatsu Tanto nazo zipo za namna hiyo, injini zake ni ndogo, za cc 660. Mimi nawashauri Noah. Vipuri vyake vimejaa Gerezani, na hata mkipeleka mgonjwa Moshi mkaharibikiwa njiani, mtampata fundi anayeijua, maana kule Noah ni gari la abiria la kila siku.

Lakini fungueni macho, kwa sababu madalali wanaita yote "gari la walemavu". Kuna aina ambayo siti ya pembeni ndiyo inatoka nje na kushuka. Hiyo ni nzuri kwa bibi anayeweza kusimama kidogo akahamia kwenye siti. Kwako bado utamnyanyua mtoto, na kunyanyua ndiko kunakokumaliza. Ulizeni la mteremko wa nyuma, mtumiwe picha mteremko ukiwa umekunjuliwa na mikanda yote minne ikionekana. Mengine yana springi za hewa nyuma zinazoshusha gari ili mteremko usiwe mkali. Zijaribuni kabla ya kulipa, zipande na kushuka, kwa kuwa zikifa si kila fundi ataziweza. Tena sakafu ya nyuma ya magari haya imeshushwa. Kama barabara yenu ya ndani huko Kimara ina makorongo ya mvua, pitisheni kwanza Noah ya kawaida ya jirani mwone inavyokwaruza, halafu mjue hii yenu itakuwa chini zaidi.

Sasa kipimo, ambacho ningependa ukichukue hata leo jioni. Mkalishe kwenye kiti chake na mito yake yote, pima kutoka chini hadi utosini. Huyu ana miaka 11, karibu ataanza kurefuka kwa kasi, kwa hiyo acheni nafasi ya kutosha juu ya kichwa. Pima upana kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi la pili, kisha urefu kutoka vidole vya miguu hadi mpini wa kusukumia. Mlango wa gari uwe mkubwa kuliko vipimo hivyo, siyo kulingana navyo. Likiwa yadi hapa hapa Dar, mpelekeni mwenyewe, apande, akae, mlango ufungwe. Atawaambia kwa uso wake kama amebanwa.

Kiti nacho kikaguliwe. Vile vyepesi vya kukunja, vyenye kitambaa cha kukalia, havikuundwa kufungwa ndani ya gari linalotembea. Wataalamu wa viungo wa hospitali ya CCBRT pale Msasani wanaweza kukuonesha mahali imara pa kupitisha mikanda kwenye kiti alichonacho, au wakuambie wazi kwamba kibadilishwe. Wekeni fungu la hilo ndani ya mkopo tangu mwanzo.

Kuhusu kodi, umesikia kweli. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kwenye Jedwali lake la Tano, inasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyoundwa mahususi kwa watu wenye ulemavu, likiwemo gari moja. Ushuru wenyewe ni asilimia 25, si pesa ndogo. Zingatia neno "vilivyoundwa": gari lililotoka kiwandani na mteremko lina hoja nzuri mbele ya TRA, kigari kitakachochomelewa baadaye hakina. Msamaha huo ni wa anayeagiza, kwa hiyo ni sababu nyingine ya kutokukimbilia yadi. Andaeni barua ya daktari, nyaraka za ulemavu wa mtoto na karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi inayotoka na gari mnadani Japani, inayoonesha aina ya gari, muombe kabla hamjalipia. Swali la VAT, na la jina litakaloandikwa kwenye kadi ya gari, mjibiwe kwa maandishi. Wakala wa forodha akisema "tutamalizana bandarini", tafuteni mwingine. Angalieni na umri wa gari, kwani likizidi miaka 10 kuna nyongeza ya ushuru wa uchakavu wa asilimia 30.

Shemeji mwambieni kwa heshima zote: mama akivunjika mgongo, watoto wote watatu wamekosa mtu. Gari hili litawabeba wote, litakwenda sokoni na hospitali. Tena sisi tunaunda kamati ya harusi, tunafungua kundi la WhatsApp, watu wanaahidi na wanatoa kwa ajili ya sherehe ya usiku mmoja. Sioni aibu yoyote kuunda kamati kwa ajili ya mtoto aende shule. Shemeji huyo huyo mpeni uenyekiti.

Mpaka gari lifike, usimnyanyue peke yako tena. Mwombe dereva wa bajaji ashike chini ya magoti, wewe shika kifuani kwa nyuma, mhesabu pamoja ndipo mnyanyue. Na kama shule iko njia ya Magomeni au Kariakoo, mwendokasi unaanzia hapo hapo kwenu, jukwaa la kituo liko usawa wa sakafu ya basi, kiti kinasukumwa moja kwa moja. Asubuhi kuna msongamano mkali, kwa hiyo zungumza na mwalimu mkuu aruhusiwe kuchelewa kidogo. Vipimo ukishavipata, niandikie pamoja na mwaka wa Noah mtakayoiona, tuangalie kama ataenea.